Bakuli la Pilipili Kichaa

Sogeeni mbele, ndugu zangu, jazeni nafasi, wanaotoka shamba nao wapate pa kukaa. Kina mama nyuma ya pazia, sauti isipofika gongeni ukuta nami nitapaza. Kipaza sauti chetu mnaijua tabia yake.

Zimebaki dakika chache tuswali alasiri, na mimi nimekuja na mfano mmoja tu. Nimekuja nao nikiwa na aibu. Aibu ya nini, nitawaambia mwisho. Kwanza nisikilizeni, na ninaomba jambo moja: nikiwa nasimulia, mtu asigeuke kumtazama mwenzake. Nawajua nyinyi. Nikisema palikuwa na mtu mchoyo, shingo ishirini zinageukia nguzo ile ya tatu. Mtu wangu wa leo si wa nguzo ya tatu. Nimemtunga mwenyewe, hana jina, hana nyumba katika mji huu, wala msimtafute.

Alikuwepo mkulima mmoja. Mtu wa swala tano, mtu wa kufunga Jumatatu na Alhamisi, shamba lake zuri, ghala lake lina mahindi ya mwaka mzima. Ana minazi, ana kuku, ana mbuzi wawili wa maziwa. Si tajiri wa kutajwa, lakini kwake mtu halali na njaa. Mwaka mmoja akapita mnunuzi, kavaa viatu ambavyo havijawahi kukanyaga shamba, akamwambia: bwana, lima pilipili kichaa, ng'ambo huko wanazitafuta kama dawa, mimi nitakuja kuzibeba zote. Bwana akaacha kulima kunde mwaka ule, akapanda nusu eka nzima ya pilipili kichaa.

Mnaozijua pilipili kichaa hamhitaji maelezo. Msiozijua, Mungu awabakishe hivyo hivyo. Ni ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na moja inatosha sufuria ya familia. Sasa yeye alikuwa na nusu eka.

Pilipili zikaiva, mnunuzi hakuja. Simu yake haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Na mmea ule hauna subira: ukichuma leo, kesho kutwa umeshakuwa mwekundu tena. Akaanika kwenye mikeka uani, akaanika juu ya paa, akaanika juu ya kitanda cha marehemu mama yake. Nyumba nzima ikawa inapiga chafya.

Na yeye mwenyewe, sikilizeni vizuri, pilipili hali. Ana vidonda vya tumbo. Daktari alishamkataza, na hata pilipili manga kwenye pilau anazichambua moja moja anaziweka pembeni ya sahani.

Afanyeje? Azitupe? Lakini alikuwa ameshafundishwa kuwa israfu ni dhambi, kutupa neema ni dhambi. Nasikitika kusema somo hilo alilipata msikitini, pengine kwa imamu kama mimi. Akajaribu achari mpaka chupa zikaisha nyumbani. Akazitwanga akapaka kwenye mahindi yake ya pembezoni kufukuza ngedere. Jioni moja akazichoma kwenye kigae ili afukuze mbu. Watu wa nyumbani wote wakatoka nje mbio wanakohoa, mbu wakabaki ndani.

Mnacheka. Chekeni tu, wakati wa kucheka ni huu.

Basi bwana akaona njia iliyobaki ni moja, ni kutoa. Akawa mtoaji. Akaleta gunia msikitini, akalifungua mlangoni, akasema hii ni sadaka, kila mtu achukue. Watu wakachukua. Muadhini wa msikiti ule akachota viganja viwili, akakaa kivulini akazichambua vikonyo kwa mikono yake, halafu akaenda kutawadha. Akapandisha maji puani kwa mkono ule ule. Adhana ya siku ile ilisikika mpaka mtaa wa pili, sauti inakatika, machozi yanamtoka. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema jamani leo muadhini wetu amejaliwa khushui, unyenyekevu wa moyo. Mmoja akamzawadia kofia. Wewe Bilali wetu tulia, nimesema msikiti ule, si huu.

Kwa wiki mbili bwana alisifiwa mji mzima. Wiki ya tatu watu wakaanza kumkimbia. Ukimwona anakuja na kikapu, unakumbuka kuwa una safari. Mlango uliokuwa wazi unafungwa taratibu. Mwenye adabu anasema tunazo bado, Mungu akuzidishie. Asiye na adabu anazima redio na kunyamaza ndani mpaka apite.

Nyumba moja tu haikukataa, na hiyo ilikuwa ya jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Jirani huyu alikuwa mama mmoja mwenye watoto watatu. Mumewe alikwenda machimboni. Mwaka wa kwanza alikuwa akipiga simu na kutuma cha kutuma, mwaka wa pili kimya. Mama akawa anasuka mikeka ya ukili, na mwaka ule mikeka haikuwa na mnunuzi, watu wanataka ya plastiki. Mimi nawaambia nyinyi siri ambayo mkulima hakuijua, au hakutaka kuijua: katika nyumba ile jiko lilikuwa linawashwa mara moja kwa siku, na siku nyingine haliwashwi kabisa.

Kwa nini hakwenda kuomba? Kwa sababu alikuwa mtu wa haya. Nimesema haya, sikusema aibu. Kiswahili chetu kimeyatenga maneno haya mawili, sisi ndio tunayachanganya. Aibu inamshika mtu akishakosa. Haya inamzuia mtu kabla, asikose, asinyooshe mkono, asisimame mlangoni kwa mtu akasema nina njaa. Mwenye haya anaweza kufa ndani ya nyumba yake na majirani wakasema alikuwa mtu mpole, hakumsumbua mtu.

Sasa, desturi ya bakuli mnaijua. Jirani akikuletea kitu ndani ya chombo, chombo hakirudi kitupu. Akikuletea futari, unarudisha na chochote ulichopika. Kama hukupika, utatia ndimu mbili, utatia chumvi, lakini huwezi kumrudishia mtu bakuli linalolia. Bibi zetu waliiweka desturi hii na hawakutuambia kwa nini. Nimeifikiria sana wiki hii.

Siku moja yule mama akaja kwa mkulima na bakuli la bati lenye maua ya bluu, amelifunika kwa kawa. Ndani mna tembele la nazi, kidogo, chini tu ya bakuli. Akasema nimepika nikakukumbukeni, akaacha, akaondoka. Mke wa mkulima akapokea, akashukuru. Wali ulikuwa jikoni, sufuria bado moto. Akahamisha lile tembele, akaosha bakuli, akashika upawa. Mumewe akamwuliza anafanya nini. Akasema anarudisha bakuli la mwenzake.

"Tia pilipili," akasema bwana. "Zimejaa huko zinaoza, wewe unagawa wali?"

"Bakuli zima la pilipili, baba watoto? Ana watoto wadogo yule."

"Atazikausha, atatia achari, atajua mwenyewe. Kutupa neema ni dhambi na kutoa ni thawabu. Hapa tumeepuka moja na tumepata la pili."

Mmeona alivyopanga? Takataka zinatoka nyumbani, thawabu zinaingia. Mimi nimesoma vitabu miaka mingi, sijawahi kuona mtu akifagia uwanja wake kwa namna hiyo. Mke akarudisha upawa kwenye ndoano. Bakuli likaenda limejaa pilipili. Mama akalipokea kwa mikono miwili akasema ahsanteni.

Wiki ikapita, bakuli likarudi. Ndani vipande vitatu vya muhogo wa kuchemsha. Likatiwa pilipili. Wiki nyingine likaja na mapera mabichi manne, yale ya kuokota. Siku ile mke akasema kwa sauti ndogo kwamba anaona kama mwenzao hali yake si nzuri, vitu vinapungua, na watoto wake hawachezi tena nje kama zamani. Mumewe akamjibu kwa methali. Mnaijua, semeni na mimi: pilipili usiyoila yakuwashiani?

Methali hiyo tunaipenda sana. Ni nzuri, inatufundisha tusiingilie ya watu. Lakini mara ngapi tumeifanya komeo la mlango? Unasikia mtoto wa jirani analia tangu asubuhi, unasema pilipili usiyoila. Unaona mzee wa watu hajatoka nje siku mbili, unasema yakuwashiani. Na kwa bwana yule ilikuwa kweli neno kwa neno, maana pilipili hakuzila. Alikuwa anagawa moto ambao mwenyewe hakuthubutu kuuweka ulimini.

Mke akachukua bakuli. Alifikiri kuficha viganja viwili vya unga chini ya zile pilipili, lakini mumewe alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko anachambua, akaogopa kuonekana. Mke yule naye hamumjui, lakini mniruhusu nimwonee huruma. Alikuwa na moyo, akakosa uso. Na wapo wengi hapa, nyuma ya pazia na mbele ya pazia, wenye moyo na wasio na uso.

Mara ya nne bakuli likaja na mchunga. Mchunga mtupu, ndugu zangu, majani ya pembezoni mwa shamba, machungu, yamechemshwa bila nazi wala chumvi. Bwana akafunua kawa akacheka. Akasema jirani siku hizi anatuletea majani ya mbuzi. Akachukua bakuli mwenyewe akalijaza pilipili mpaka zikafanya kichuguu, akazikandamiza, akaongeza. Asije akasema sisi wachoyo, akasema.

Na barazani, baada ya swala, akawa anasimulia. Kwamba watu wa mji huu hawana shukrani, lakini jirani yake yule ni mtu. Hajawahi kukataa hata siku moja. Yule mama kwa pilipili ni hodari, akasema, anazipenda kuliko nyama.

Sasa ikafika Jumamosi moja, adhuhuri imekwisha, bwana katoka shamba na kapu limejaa. Hana pa kulipeleka. Mtaa mzima umefunga milango. Akasema nitalipeleka mwenyewe kwa mpenda pilipili, na akazunguka ukuta. Akapiga hodi. Ndani ikasikika karibu shemeji, akaingia mpaka uani.

Akawakuta wanakula. Wamekaa kwenye jamvi, mama na watoto wake watatu. Katikati sinia, na juu ya sinia ugali wa kiasi cha ngumi mbili kwa watu wanne. Pembeni lile bakuli la maua ya bluu, ndani yake maji mekundu. Pilipili zimetwangwa zikatiwa maji na chumvi. Hakuna mboga nyingine. Na karibu na bakuli ndoo ya maji ya kunywa, imejaa, na kikombe kinaelea juu yake.

Watoto wanachovya, wanakula, wanakunywa. Pua zinatiririka, macho mekundu. Hakuna anayelia. Walishapita kulia.

Ukimkuta mtu anakula kwetu anakukaribisha, na ukikaribishwa huwezi kusimama hapo juu ukasema nimeshiba. Hiyo ni dharau, hata kwa chakula cha mfalme ni dharau. Mama akasogea, akamnawisha mikono, akasema karibu shemeji, chakula chenyewe ndicho hiki. Bwana akakaa. Angesemaje? Aseme yeye pilipili hazili? Mwezi mzima alikuwa anapita na kikapu akiziita neema. Akakata tonge dogo kama tende, akagusa pembeni ya bakuli, akatia kinywani.

Sitaeleza. Masikio yalizibika, kichwa kikalowa jasho. Mtoto wa mwisho, binti wa miaka minne hivi, akachota kikombe akamsogezea bila kuambiwa, maana kazi ile aliijua. Bwana akanywa. Akachotewa cha pili, akanywa. Cha tatu akamaliza. Na alipoweka kikombe chini akaona ajabu: tumbo limejaa. Hajala kitu, na hana tena nafasi ya kula.

Akajaribu kutania, maana mtu akipatwa na aibu hukimbilia utani. Akauliza watoto wadogo kama hawa wanazimudu vipi pilipili hizi.

Mama akamjibu taratibu, na nawaomba mlisikie jibu lile kama lilivyosemwa, bila kejeli na bila hasira.

"Mwanzo walilia, shemeji. Sasa wamezoea. Pilipili zenu zimetusitiri sana. Mtoto akichovya tonge moja anakunywa vikombe viwili, tumbo likijaa hauulizi tena ugali, anakwenda kulala. Mungu awalipe."

Alikuwa anamshukuru. Mmelisikia hilo? Laiti angemtukana, bwana angepata la kujibu. Angesema mimi nimekupa bure, kumbe huna adabu. Lakini mtu akikushukuru kutoka moyoni kwa jambo ambalo ulimdhulumu nalo, unajibu nini? Unaweka mikono wapi? Bwana alikuwa amekaa kwenye jamvi la watu, kapu la pilipili ubavuni, wale watoto wakimtazama kama mfadhili wao.

Akatafuta neno, na alilolipata ndilo tunalolipata sisi sote tukibanwa. Akamtupia mwenzake lawama.

"Kwa nini hukusema, shemeji? Tuko ukuta kwa ukuta. Ungesema tu."

Mama alikuwa anamkusanyia binti yake makombo ya ugali yaliyobaki kwenye sinia. Hakuinua uso.

"Nilisema," akasema. "Nilileta bakuli mara nne."

Mfano wangu unaishia hapo.

Najua mnataka nimalizie. Mnataka niseme bwana alikimbia nyumbani akarudi na gunia la mahindi, akamleta na mbuzi mmoja wa maziwa, watoto wakala wakashiba, majirani wakakumbatiana. Huenda alileta. Sitawaambia. Nikiwaambia alileta, mtatoka hapa mmepumua, mtasema kumbe yaliisha vizuri. Mimi nataka tubaki pale kwenye jamvi kidogo, tumbo limejaa maji.

Yule mama alisema kwa lugha gani? Alisema kwa lugha tunayoijua wote, tuliyofundishwa na mama zetu kabla hatujajua kusoma. Alileta tembele, maana yake nina kidogo. Akaleta muhogo, akaleta mapera ya kuokota. Akaleta mchunga, maana yake sasa sina kitu. Mtu wa haya hawezi kusema wazi zaidi ya hapo. Na bwana kila mara alimsikia, akafunua kawa, akatazama, akacheka.

Ni mabakuli mangapi yamekuja milangoni kwetu mwaka huu? Yule anayekuja kuazima chumvi kila siku saa saba, kwani chumvi inaliwa hivyo? Mzee anayebaki hapa msikitini baada ya adhuhuri wakati wenzake wote wamekwenda kula, anasoma tasbihi mpaka alasiri, mmewahi kumwuliza kwa nini haendi nyumbani? Sisi tumempa jina, tunamwita mcha Mungu.

Na msiseme bwana yule alikuwa bahili. Bahili hatoi, na anajijua hatoi, na siku moja anaweza kutubu. Huyu alitoa. Alitoa magunia. Alitoa kuliko mtu yeyote aliyeko humu. Lakini nawauliza, katika vyote alivyotoa, ni kipi kilichoondoka nyumbani kwake akahisi kimeondoka?

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Wiki tatu zilizopita nilisimama hapa nikawaombea msaada wenzetu wa bondeni, waliosombewa nyumba na mafuriko. Mlijitahidi. Kwa siku mbili mlijaza maboksi sita, na Ijumaa nikawasifu mbele ya wageni, nikasema msikiti wetu mdogo lakini una watu. Jumanne nikakaa na wazee wawili wa kamati tukayafungua ili tukunje nguo vizuri kabla ya safari.

Tulikuta viatu viwili, vyote vya kushoto. Tulikuta suruali isiyo na zipu, sweta lililoliwa na panya, shuka lenye tundu la pasi katikati. Koti la suti la bwana harusi, mkono mmoja haupo. Pakiti ya unga inatembea yenyewe kwa fukusi. Dawa ya kikohozi ya mtoto iliyoisha muda mwaka juzi. Ndugu zangu, mtoto wa mtu ameponea juu ya paa la nyumba, halafu sisi tunampelekea dawa ile anywe.

Hatukukunja. Tulikuwa tunainua kitu kimoja kimoja, tunakiangalia, tunakirudisha. Mzee mmoja akainua kanzu nyeupe, kwapani imechanika, kifuani ina doa kubwa la chai. Akaitazama mbele na nyuma akasema, huyu naye, hata haya hana. Mwenzake akacheka. Mimi nikainama nikajifanya natafuta kamba ya kufungia boksi.

Kanzu ile ilikuwa yangu.

Nilinyamaza. Imamu wenu alinyamaza. Nilikuwa na wakati wa kusema, wazee wale ni watu wema, wangenisamehe kabla sijamaliza. Nikashindwa. Usiku ule sikupata usingizi. Maneno yale sikuyajali sana. Kilichoniuma ni kwamba nakumbuka siku nilipoitoa. Nilifungua kabati, nikaisogeza ile nzuri pembeni nikachukua hii, na moyoni nikasema alhamdulillahi, kabati limepata nafasi, na maskini wamepata nguo. Niliepuka moja na nikapata la pili.

Maboksi sikuyapeleka. Yako hapo nje barazani, mmeyapita mkiingia na mkadhani ni vitabu. Wenzetu wa bondeni bado wanasubiri. Na najua kama tungeyapeleka wangetushukuru. Wangenyanyua mikono wakatuombea dua, na wangevaa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Kwa hiyo tukimaliza swala, kila mtu atakapotoka achukue kilicho chake arudi nacho nyumbani. Hakuna atakayesimama pale kuangalia. Nimewaomba wazee wa kamati watokee mlango wa nyuma. Mimi nitabaki humu nimeelekea kibla mpaka wa mwisho wenu apite, sitageuka, sitajua nani kabeba nini. Mungu ametusitiri miaka yote hii, nasi tusitiriane. Kina mama vivyo hivyo, upande wenu.

Boksi jipya liko tupu karibu na mahali pa viatu. Si tupu kabisa. Ndani iko kanzu ya Idi, ile ya darizi mliyonisifia. Nilipokuwa naikunja niliumia. Nawaambia ukweli wangu, niliumia, na mke wangu aliniona.

Na ile nyingine nimeivaa. Walio safu ya mbele mmeshaliona hili doa tangu nilipoanza kusema, mkanihifadhi kwa kunyamaza. Nikiinua mikono kwa takbira wote mtaona na kwapani.

Bilali, simama ukimu. Nyoosheni safu.